Dawa Imepatikana, Je, Kuuguza Kutalipwa na Nani?



Mwezi huu twajibu swali ambalo limetufikia kwa vinywa vya watu wengi hapa Isevya, wengine wakilisema waziwazi barazani baada ya sala ya Alasiri, na wengine wakilinong'ona mlangoni pa madrasa kwa kuona haya. Nalo ni hili: Mtu wetu amepungukiwa na kinga ya mwili. Alilazwa hospitali, akatibiwa, na sasa ameruhusiwa arudi nyumbani, ilhali hawezi kusimama wala kujilisha mwenyewe. Je, kadi ya bima itamlipa mtu wa kumwuguza? Na kama nyumbani hapana wa kumwuguza, iko nyumba ya kuuguzia ambayo bima ya Serikali yailipia?

Jibu letu ni fupi, na kwa hakika si la kufurahisha. Kadi yamlipia mgonjwa daktari, vipimo, dawa na kitanda cha hospitali, kwa kadiri ya kitita chake. Haimlipi jamaa anayekesha naye. Ama nyumba za kuuguzia, zile ambazo mgonjwa hukaa miezi au miaka chini ya wauguzi, hizo si ngazi katika mpango wa afya wa nchi yetu. Ngazi zetu ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa kama Kitete, kisha za kanda na za taifa. Baada ya kitanda cha Kitete, kitanda kinachofuata ni cha nyumbani. Yako makazi ya Serikali kule Ipuli, lakini hayo yalikusudiwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Hayakuwekwa kwa ajili ya kijana wa miaka 30 ambaye mwili umemwishia nguvu.

Lakini jambo hili lataka maelezo zaidi, kwani wengi wetu twachanganya mambo mawili: kutibu na kuuguza.

Kinga ya mwili ni askari Mwenyezi Mungu aliowatia katika damu ya mwanadamu ili wapigane na maradhi. Virusi vya UKIMWI huwaua askari hao kidogo kidogo. Waganga huwahesabu kwa kipimo kiitwacho CD4. Mtu mzima mwenye afya aghalabu huwa na 500 na zaidi katika tone dogo la damu, naye akishuka chini ya 200 huhesabiwa kuwa yu katika hatari kubwa, kwani hata vijidudu dhaifu ambavyo mtu mzima wa afya havimdhuru huweza kumlaza. Tukumbuke pia kwamba UKIMWI si njia pekee ya kupungukiwa na kinga. Yuko anayetibiwa saratani kwa dawa kali, yuko aliyepandikizwa figo, yuko mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, na wako wachache waliozaliwa hivyo. Basi mtu asione mgonjwa amekonda akajipa ukadhi wa kuhukumu amefanya nini.

Nchini mwetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mwaka 1983 huko Kagera, na kufika 1986 mikoa yote ya bara ilikwisha kutoa habari za wagonjwa wake. Wenye umri kama wetu twaikumbuka miaka iliyofuata. Watu walirejea kutoka mijini wamebebwa, nao jamaa zao hawakuwa na la kuwapa ila uji na dua. Hospitali zilijaa, ikabidi wagonjwa warudishwe majumbani, na hapo ndipo ikaanza kazi ya kuwahudumia wagonjwa nyumbani. Chama cha WAMATA, kilichoanzishwa mwaka 1989, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kushika kazi hiyo. Mwaka 2004 Serikali ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, na tangu 2016 kila anayepimwa akaonekana na virusi huanzishiwa dawa papo hapo, bila kungoja adhoofike. Hii ni neema kubwa. Leo mtu anayemeza kidonge chake kila siku hulima, hufunga ndoa, huzaa watoto wasio na maradhi, na virusi vikifubazwa hata visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa.

Kwa ajili ya neema hiyo watu wamedhani kwamba kuuguza kumekwisha. Hakukwisha. Wako waliochelewa kupima mpaka wakapatwa na kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo. Wako walioacha dawa kwa kufichaficha, au kwa kuhama hama, au kwa kuambiwa na mtu asiyemcha Mungu kwamba wameombewa wakapona. Wako waliozeeka na virusi, na uzee nao umekuja na kisukari na shinikizo la damu. Hawa ndio wanaotoka hospitali wakiwa hai lakini hawajiwezi.

Sasa tuangalie kuuguza ni nini, maana wanaume wengi hawajui. Mgonjwa asiyejigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo mgongo na nyonga zitatoka vidonda, na kidonda cha mtu asiye na kinga hakifungi upesi. Kinywa chake huota utando mweupe, chakula kikamwuma. Yafaa kioshwe kwa maji ya chumvi, na zahanati itoe dawa yake. Akiharisha, maji ya chumvi na sukari yapimwe na anyweshwe kidogo kidogo. Maji ya kunywa yachemshwe, matunda yaoshwe, nyama iive sawasawa. Kama ana kifua kikuu, madirisha yawe wazi na mwenye kumwuguza naye apimwe. Nguo zilizochafuka kwa damu zishikwe kwa mipira ya mikono. Vidonge vimezwe kwa saa ileile, na siku ya kliniki isipite. Juu ya hayo yote yapasa akoge, asaidiwe kutawadha au kutayamamu, ageuziwe Kibla, na azungumzishwe asije akajiona ni mzoga unaopumua. Kazi hii yachukua siku nzima na nusu ya usiku. Mwenye kuifanya hawezi kwenda sokoni wala shambani.

Nani anaifanya? Twasema kwa tuliyoyaona. Katika madrasa yetu alikuwako binti wa miaka 13, mwepesi wa kuhifadhi, naye alikwisha kufika juzuu ya kumi. Akawa haji siku za Jumatatu, kisha akawa haji kabisa. Tulipouliza tukaambiwa mama yake mdogo amerudi kutoka mjini hajiwezi, na mama mwenye nyumba anauza vitumbua alfajiri mpaka saa nne ili watu wale. Basi mtoto ndiye anayebaki na mgonjwa. Shule ya Serikali pia alikuwa amekwisha kuikosa kwa majuma sita. Nyumba hiyo ina kadi ya bima, na kadi ililipa siku tisa za hospitali bila matata yoyote. Lakini miezi mitano ya nyumbani imelipwa kwa masomo ya binti huyu na kwa vitumbua ambavyo havikukaangwa. Malipo haya hayaandikwi katika daftari lolote la bima, lakini ni malipo.

Twapenda kueleza bima hii ilikotoka, kwa kuwa ilianzia jirani. Mwaka 1993 Serikali ilianza kuwatoza watu sehemu ya gharama za matibabu hospitali, na ikaweka msamaha kwa watoto wadogo, wajawazito, maskini na wenye maradhi ya muda mrefu. Kisha mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwa mara ya kwanza katika wilaya ya Igunga, hapa hapa mkoani Tabora. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali ikatia kiasi kama kile. Watu wakaita tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ikatungwa mwaka 2001, na mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kuwahudumia watumishi wa Serikali. Baadaye mfuko wa jamii ukaboreshwa, mchango ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Na mwezi Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, itakayo kila mkazi awe na bima, na iliyoweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Utekelezaji wake umekuja hatua kwa hatua.

Tazama hesabu hiyo ya watu 6. Nyumba ya Isevya si ya watu 6. Yuko baba, wako wake zake pengine wawili, wako watoto, yuko bibi, wako watoto wa marehemu kaka, na sasa yuko dada aliyerejea mgonjwa. Mtunga hesabu ameifikiria familia ya kwenye picha. Wakati wa kuandikisha, mwenye nyumba huwaandika wanawe na kuwaacha wageni, na mgonjwa huhesabiwa mgeni. Twawaomba wenye nyumba wafanye kinyume: anayeumwa aandikwe kwanza, na wasioenea waandikiwe kadi ya pili. Wasio na uwezo kabisa waende kwa afisa wa ustawi wa jamii kuomba msamaha, wala wasingoje mpaka mgonjwa amefikishwa mlangoni pa hospitali.

Wako ndugu wanaoogopa bima kwa ajili ya dini, nao hatuwacheki. Hofu yao ina asili. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliiharimisha bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari iliyomo, lakini likaikubali bima ya kusaidiana, ambamo watu hutia fungu lao ili atakayepatwa asaidiwe. Mfuko wa umma usio na wenye hisa wa kugawana faida, kwa maarifa yetu madogo, uko karibu zaidi na hii ya pili. Aliye na shaka awaulize masheikh wake, lakini asimwache mama yake bila kadi kwa shaka aliyoiokota kijiweni.

Je, nchi nyingine hufanyaje? Marekani ilianzisha mwaka 1965 mipango miwili ya umma, Medicare kwa wazee na Medicaid kwa wenye kipato kidogo. Medicare hulipia nyumba ya kuuguzia kwa muda usiopita siku 100, tena baada ya mgonjwa kulazwa hospitali kwanza. Medicaid ndiyo hubeba mzigo wa muda mrefu, lakini mtu hana budi awe maskini kwanza ndipo alipiwe, hata wengine humaliza akiba ya maisha yao mlangoni pa nyumba hizo. Na katika miaka ya 1980, nyumba nyingi za namna hiyo ziliwakataa wagonjwa wa UKIMWI kwa hofu tu, ingawa fedha za kuwalipia zilikuwapo. Basi tusidhani kwamba nyumba na fedha peke yake hutosha.

Wala hatuzitamani nyumba hizo sana. Mzee kumaliza umri wake katika ukumbi wa watu asiowajua, hali watoto wako hai, ni jambo ambalo Tabora italikataa, nasi twalikataa pamoja nayo. Kinachotupasa kukitazama ni cha jirani. Uganda iko Hospice Africa, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo wauguzi wake huwafuata wagonjwa majumbani. Na tangu 2004 nchi ile iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa waandike dawa ya mofini ya kutuliza maumivu makali, ili mgonjwa wa kijijini asife akilia kwa kukosa daktari. Kenya, katika bima yake mpya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, imetia tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona upesi, katika mambo yanayolipiwa. Hapa kwetu, Januari 2024, Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ikikusudia kuwapata 137,294 katika muda wa miaka 5. Watu hawa ni wa mitaani kwetu, huingia nyumba kwa nyumba, nao hufunzwa kisha hulipwa posho.

Hapo ndipo lilipo ombi letu, na twaomba wabunge na madiwani wetu walisome. Siku za kuuguza nyumbani zihesabiwe katika kitita cha bima. Mgonjwa anapotolewa hospitali hajiwezi, karatasi yake ya ruhusa iandikwe idadi ya ziara za nyumbani: muuguzi wa zahanati mara moja kwa juma, mhudumu wa mtaa mara tatu, pamoja na mipira ya mikono, bandeji, dawa ya kinywa na dawa ya maumivu. Bima izilipe ziara hizo kama ilipavyo kitanda. Na kwa hesabu za kawaida itapata nafuu, maana mgonjwa aliyegeuzwa vema nyumbani harudishwi hospitali na vidonda vya mgongo, na aliyemezeshwa dawa harudi na kifua kikuu.

Jambo hili lina haraka. Kazi nyingi ya kuwafuata wagonjwa wa UKIMWI majumbani ilikuwa ikilipiwa na fedha za kigeni, hasa mpango wa Marekani uitwao PEPFAR ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 serikali ya nchi ile ilisimamisha misaada yake kwa ghafla, na watu wengi waliokuwa wakiajiriwa kwa fedha hizo wakaambiwa wasije kazini. Wasomaji wetu wengi wanamjua mmoja wao. Katika bajeti ya 2025/26 Serikali yetu ilitangaza tozo mpya, zikiwamo za mafuta ya magari na tiketi za treni na ndege, kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI na wa bima ya afya kwa wote. Sisi watu wa Tabora, ambao reli ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana kwetu, twaweza kusema tumo katika wachangiaji wa mbele. Basi tuna haki ya kuuliza ni kiasi gani cha fungu hilo kitafika kwenye mkeka wa mgonjwa.

Mji huu haukuanza jana kukaa na wagonjwa wa watu. Zama za misafara, wapagazi waliotoka Bagamoyo na waliotoka Ujiji walifika Unyanyembe wamechoka, na ndui ikitembea nao. Wengi waliachwa njiani kwa kuwa msafara haungoji. Waliookoka waliokolewa na watu wasiokuwa ndugu zao, waliowatilia maji na kuwapa pembe ya nyumba. Na wako miongoni mwetu hapa mjini walio wajukuu wa wageni hao, ingawa hawapendi kutajwa.

Wala Uislamu haukumwachia mwenye nyumba peke yake mzigo huu. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, hema lake la kuuguzwa lilisimamishwa msikitini Madina, na bibi Rufaida wa kabila la Aslam ndiye aliyekuwa akiuguza majeruhi. Karne nyingi baadaye, mwaka 1284, Sultani Qalawun alijenga hospitali Kairo na kuiwekea waqfu wa maduka na nyumba. Tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni walitibiwa humo bila malipo, na maskini waliolala majumbani mwao wakapelekewa dawa na chakula huko huko. Hiyo nayo ilikuwa bima ya umma, ila mchango wake ulikuwa kodi ya duka. Hapa Tabora misikiti kadhaa ina vyumba vya kupangisha. Twauliza tu: mwaka uliopita, katika kodi hiyo, ni kiasi gani kilinunua sabuni ya mgonjwa, na kiasi gani kilinunua rangi ya mnara?

Tena tuseme neno juu ya haya inayowafanya watu wanong'one. Sheria ya UKIMWI ya 2008 imekataza kumbagua mtu kwa sababu ya virusi, na imemlinda siri yake. Lakini sheria haiingii jikoni. Mgonjwa anayetengewa kikombe hujua, na anayefichwa chumba cha nyuma wageni wakija hujua. UKIMWI hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kumwosha mgonjwa mikono yako ikiwa imefunikwa. Anayeficha mgonjwa humkosesha mhudumu wa mtaa, humkosesha kadi, na mwisho humbakiza mtoto mmoja wa kike naye chumbani.

Katika mtaa mmoja wa hapa Isevya akina mama wa msikiti wamekwisha kuanza zamu. Wako tisa, na nyumba wanazozizungukia ni nne. Mhudumu wa afya wa mtaa ndiye aliyewafundisha kugeuza mgonjwa na kupima maji ya chumvi na sukari, na wamekubaliana kwamba habari ya nyumba moja haitajwi katika nyumba nyingine. Wanaume wameombwa waje kwa zamu za usiku kwa wagonjwa wanaume, na mpaka twaandika haya wamejiandikisha wawili. Wanachokosa ni mipira ya mikono, mipira ya kutandika kitandani, na mkaa wa kuchemshia maji. Wenye navyo wavifikishe kwa imamu wa msikiti wao kabla ya Ijumaa.